Je, wajua kwa nini kiti cha jaji kinaweza kugharimu dola milioni 100?

Aprili 2025, wapiga kura wa jimbo la Wisconsin, Marekani, walichagua jaji mmoja. Mmoja tu, wa kuketi katika Mahakama ya Juu ya jimbo yenye majaji 7. Fedha zilizomwagwa na pande zote zilipita dola milioni 100, ilhali mshahara wa jaji huyo kwa muhula mzima wa miaka 10 haufiki hata milioni 3. Elon Musk na makundi anayoyafadhili walitoa zaidi ya dola milioni 20 kumbeba mgombea Brad Schimel. Siku mbili kabla ya kura, Musk alipanda jukwaani mjini Green Bay akawakabidhi wapiga kura wawili hundi ya dola milioni 1 kila mmoja. Schimel akaanguka. Mshindi, Susan Crawford, naye hakuwa yatima: matajiri wanaounga mkono chama cha Democratic walikuwa nyuma yake.

Wanatafuta nini hawa? Wengi watajibu upesi: rushwa. Lakini rushwa ni kumlipa jaji aamue kesi yako, na hiyo ni jinai popote. Fedha za kampeni hufanya kazi mapema zaidi. Zinamtafuta mtu ambaye kwa imani yake mwenyewe, bila kunong'onezwa na yeyote, ataamua unavyopenda, kisha zinamkalisha kitini. Wisconsin kulikuwa na mengi ya kuamuliwa: utoaji mimba, mipaka ya majimbo ya uchaguzi, haki za vyama vya wafanyakazi. Tena Tesla, kampuni ya Musk, ilikuwa imelishitaki jimbo hilo miezi michache tu kabla, ikitaka ruhusa ya kuuza magari yake moja kwa moja kwa wateja.

Kinachochekesha ni kwamba uchaguzi wa majaji ulianzishwa ili kuwaepusha na siasa. Majaji wa shirikisho la Marekani huteuliwa na rais na kuthibitishwa na Seneti, hawapigiwi kura. Majimboni, zamani, majaji walikuwa watu wa magavana na wabunge, na wananchi wakachoka. Mississippi ikawa ya kwanza kuamua, mwaka 1832, kwamba majaji wake wote wachaguliwe. New York ikafuata 1846. Leo majimbo 38 yanawapigia kura majaji wa mahakama zao za juu, kwa namna moja au nyingine.

Kisa kinachoeleza jambo hili kuliko vyote kilitokea West Virginia. Mwaka 2002 jopo la raia waliosikiliza kesi liliiamuru kampuni ya makaa ya mawe ya Massey imlipe Hugh Caperton, mwenye kampuni ndogo ya uchimbaji, dola milioni 50. Massey ikajiandaa kukata rufaa. Mkuu wake, Don Blankenship, alijua rufaa hiyo ingeishia katika mahakama ya juu ya jimbo yenye majaji 5, na mwaka 2004 mmoja wao, Warren McGraw, alikuwa anatetea kiti chake. Sheria ilimruhusu Blankenship kumchangia mpinzani, Brent Benjamin, dola 1,000 tu. Basi akatoa hizo 1,000, na nyingine karibu milioni 3 akazipitisha pembeni, nyingi zikienda kwa kundi lililojiita watetezi wa watoto.

Matangazo ya kundi hilo hayakuhusu makaa ya mawe. Yalidai McGraw alimwachia huru mtu aliyenajisi watoto. Ndivyo inavyofanyika karibu kila mahali: mfadhili anawaza mikataba na fidia, mpiga kura anaonyeshwa mhalifu, kwa sababu mikataba haimtishi mtu sebuleni kwake.

Benjamin akashinda. Rufaa ilipofika, Caperton alimwomba ajitoe. Akakataa, na mwaka 2007 Massey ikashinda kwa kura 3 kwa 2, ya Benjamin ikiwamo. Waswahili wangesema kesi ya ngedere imepelekwa kwa nyani. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema, kwa kura 5 kwa 4, kwamba alipaswa kujitoa. Haikusema alihongwa, ilisema hatari ya upendeleo ilikuwa kubwa mno. Kesi ikarudi, ikasikilizwa bila Benjamin, na Massey ikashinda tena, kwa hoja kwamba kesi ilipaswa kufunguliwa jimbo jingine.

Yapo majimbo yanayojaribu kuweka uzio. Florida, kwa mfano, mgombea ujaji haruhusiwi kuomba mchango kwa kinywa chake. Kamati yake inaomba. Lakini barua ya shukrani kwa mchangiaji anaruhusiwa kuandika, kwa hiyo majina anayajua.

Na hata jaji asiyedaiwa fadhila na mtu bado ana kura inayomngoja. Iowa, majaji watatu waliokuwa sehemu ya uamuzi wa 2009 wa kuruhusu ndoa za jinsia moja waliondolewa na wapiga kura mwaka uliofuata, baada ya kampeni iliyofadhiliwa pia na makundi ya nje ya jimbo. Utafiti uliofanywa Pennsylvania ulionyesha vifungo vikirefuka kadiri siku ya jaji kupigiwa kura inavyokaribia. Kwangu mimi hili linatisha kuliko hundi za Musk, maana anayelipa ni mshitakiwa ambaye hata hajui kalenda ya uchaguzi wa jaji wake.

Je, fedha zikizuiwa? Meksiko ilijaribu. Juni 2025 ilichagua majaji wa shirikisho kwa kura kwa mara ya kwanza, ikapiga marufuku wagombea kupewa michango au kununua matangazo ya televisheni. Wagombea walikuwa maelfu, karatasi za kura nyingi, na wapiga kura waliojitokeza walikuwa takriban asilimia 13. Siasa ikapata njia ya bei nafuu: vikaratasi vilivyokunjwa, vilivyoitwa "acordeones", vyenye majina ya kuchagua, vilisambazwa kabla ya kura. Washindi wote 9 wa viti vya Mahakama ya Juu walikuwamo kwenye vikaratasi hivyo.