Kimelea kikizoea chupa, ukali wake huenda wapi?

Mfugaji wa njiwa akiniletea kinda mwenye utando wa njano kooni, huwa anataka kujua kama vimelea vilivyompata ni vikali. Njiwa mwenyewe anaweza kunijibu siku hiyo hiyo: amekonda, hamezi, labda wenzake wawili wamekufa bandani. Nikiacha vimelea vyake viishi kwenye chupa za maabara miezi kadhaa ndipo nivipime, jibu nitakalopata ni la chupa. Hata kwenye taarifa za kitaalamu jambo hili hupitwa haraka mno, na ndiyo maana naliandikia.

Kimelea chenyewe ni Trichomonas gallinae. Ana seli moja na mijeledi minne ya kuogelea mbele, na mzazi humwambukiza kinda anapomlisha maziwa ya njiwa, yaani ule uji mweupe unaotengenezwa kwenye gole lake. Kumwotesha si kazi ngumu: mchuzi wenye virutubisho, seramu kidogo, joto la kutosha. Kila baada ya siku chache unachukua tone kutoka chupa ya zamani na kulitia kwenye chupa mpya.

Sasa fikiria tone hilo limebeba nani. Kooni mwa njiwa kuna joto la nyuzi 41 hivi, kinga ya mwili inashambulia, na kimelea lazima ashike ukuta wa koo na kuvunja seli ili apate chakula. Chupani chakula kipo tayari na adui hakuna. Kazi iliyobaki ni kugawanyika tu. Wanaogawanyika upesi ndio wanaojaa kwenye tone, na wale wanaotumia nguvu kutengeneza silaha wanaachwa nyuma. Ukirudia hivyo miezi mingi, jina kwenye lebo linabaki lile lile lakini jamii iliyomo ndani si ile uliyoitoa kwenye njiwa.

Mwaka 1964 Stabler, Honigberg na King walieleza hali hiyo kwa aina iitwayo Jones' Barn, inayojulikana kwa kuua njiwa wasio na kinga kwa kuwashambulia ini. Ilipooteshwa chupani muda mrefu, ukali wake ulishuka. Ilipopitishwa tena kutoka njiwa hadi njiwa, ukali ukarejea. Kwangu hilo la pili ndilo zito zaidi, maana linatuonya kwamba kimelea aliyepoa maabara asihesabiwe kuwa amepoa moja kwa moja.

Wafugaji wa bata mzinga wana Histomonas meleagridis, anayeharibu ini na vifuko vya utumbo. Huyu haoti peke yake. Anahitaji bakteria pembeni na huwekewa unga wa mchele. Ukimwaga dawa ya kuua bakteria wote, naye anakufa. Kwa hiyo bakteria waliomo chupani nao ni sehemu ya mazingira yanayomlea. Watafiti wa Vienna walimhamisha mara 295, na mwaka 2008 wakaonyesha kwamba aliyepoa hivyo aliwakinga bata mzinga dhidi ya yule mkali. Udhaifu uleule unaotupotosha kwenye vipimo ukageuka chanjo.

Kwa kuku wetu wa Chanika na Mbagala, habari kubwa ni Eimeria tenella, anayewaharisha damu. Huyu haoteshwi kwenye mchuzi hata kidogo. Anaweza kukuzwa ndani ya yai lenye kiinitete, na akihamishwa yai hadi yai mara nyingi, anapoa. Njia nyingine ni kuchagua vizazi vinavyokomaa mapema: huzaana kidogo, hivyo huharibu utumbo kidogo. Chanjo kadhaa za koksidiosi, ugonjwa unaoletwa na Eimeria, zimetokana na njia hizi. Na joto na unyevu wa Dar es Salaam vinamfaa sana kimelea huyu, kwani kwenye maranda yaliyolowa mayai yake hukomaa ndani ya siku moja au mbili.

Ili Trichomonas abaki alivyotoka kwa njiwa, dawa ni kumgandisha mapema kwenye naitrojeni kimiminika, ileile wanayotumia watu wa uhimilishaji wa ng'ombe, pamoja na kemikali inayozuia barafu isipasue seli. Friji ya kawaida haitoshi, na umeme ukikatika ndiyo kabisa. Mahali pasipo na naitrojeni, watu huhamisha tone baada ya tone bila kukoma, na ukali unapungua bila mtu kuona.

Kwa hiyo ninaposoma kwamba vimelea wa eneo fulani ni wapole, natafuta kwanza waliishi chupani muda gani, kwa joto gani, wakilishwa nini. Taarifa isiyotaja hayo siitumii kumshauri mfugaji, na nawasihi wanafunzi wetu wayaandike kwenye daftari kila wanapohamisha.

Wewe mwenye njiwa, ukichukua sampuli ya koo, tumia pamba safi iliyoloweshwa maji ya chumvi ya hospitali, usiiache ikauke, na usiiweke kwenye friji. Ilete siku hiyo hiyo, kabla mtu hajampa njiwa dawa.