Wakati wa Mungu na utimilifu wa unabii: maana yake katika imani ya Kikristo

Katika makanisa ya Moshi na Arusha, yawe ya Kilutheri, ya Kikatoliki, ya Kisabato au ya kilokole, ushuhuda mwingi huishia kwenye maneno kwamba wakati wa Mungu ndio wakati sahihi. Husemwa na mama aliyepata mtoto baada ya miaka mingi ya ndoa, husemwa na kijana aliyepata kazi, na husemwa pia na mtu ambaye hajapata kitu bado na anajitia moyo mbele ya wenzake. Kwa Mkristo, kuutumainia wakati wa Mungu ni kuamini kwamba Mungu ametoa ahadi asiyoweza kuivunja, na kwamba siku ya kuitimiza imo mikononi mwake, wala si mikononi mwa aliyeahidiwa. Ahadi ikiondolewa katika maana hiyo, kinachobaki ni kungoja bahati tu.

Kwa maoni yangu, hakuna mahali katika Biblia panapoifafanua dhana hii vizuri kuliko sura ya 28 na ya 29 za Kitabu cha Yeremia, ingawa wengi wetu huchukua humo mstari mmoja tu. Mstari huo ni 29:11, "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi", ambao utaukuta kwenye kadi za harusi na hata kwenye vioo vya daladala. Mstari wa 10, unaoutangulia, hauna umaarufu huo, kwa sababu unasema kwamba neno hilo jema litatimizwa baada ya Babeli kutimiziwa miaka 70. Maneno hayo yamo katika barua ya Yeremia iliyopelekwa kwa Wayahudi waliochukuliwa uhamishoni Babeli pamoja na mfalme Yekonia mwaka 597 KK. Mtu mzima aliyeisikia ikisomwa alielewa kwamba yeye mwenyewe, kwa umri wake, hataiona Yerusalemu tena, na kwamba watakaorudi ni wanawe au wajukuu wake. Ndiyo maana nabii anawaagiza wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuozesha, na wauombee amani mji uleule uliowateka. Mtu aliyeagizwa hivyo hawezi kukaa mlangoni na mizigo iliyofungwa.

Katika sura iliyotangulia, nabii mwingine aitwaye Hanania mwana wa Azuri alisimama hekaluni na kutangaza kwamba vyombo vya hekalu na mateka wote watarudishwa katika muda wa miaka miwili. Ulikuwa unabii mtamu zaidi, tena wenye tarehe ya karibu, na hapana shaka uliwapendeza wasikilizaji. Yeremia aliitikia "Amina", akatamani iwe hivyo, kisha akakumbusha kwamba nabii anayetabiri amani hujulikana kuwa ametumwa kweli pale neno lake linapotokea. Hanania alifariki mwaka uleule, Yerusalemu ikateketezwa yapata mwaka 586 KK, na Babeli yenyewe ikaanguka mbele ya Koreshi wa Uajemi mwaka 539 KK, ndipo ruhusa ya kurudi ikatolewa. Wafafanuzi hutofautiana juu ya mahali pa kuanzia kuhesabu ile miaka 70, wengine wakianzia 605 KK, Babeli ilipoanza kuitawala nchi ile, wengine wakihesabu tangu kubomolewa kwa hekalu hadi kukamilika kwa hekalu la pili, na sioni faida ya kugombana kwa ajili hiyo.

Imani hii hutofautiana na ile fikra kwamba yatakayokuwa yatakuwa, mtu afanye au asifanye. Danieli, kwa mujibu wa sura ya 9 ya kitabu chake, aliisoma hesabu ya Yeremia akajua kwamba muda umekaribia, na badala ya kukunja mikono alifunga, akavaa gunia, akaungama dhambi za taifa lake na kuomba. Kwa upande wa pili kuna Abramu, aliyeahidiwa uzao, aliyetoka Harani akiwa na umri wa miaka 75, akamzaa Ishmaeli kwa Hajiri akiwa na miaka 86 kwa sababu Sarai alichoka kungoja, na akampata Isaka akiwa na miaka 100. Wahubiri hupenda kumtaja Ishmaeli kama kosa la haraka, lakini andiko lenyewe linasema Mungu alimsikia kijana huyo jangwani na kumbariki, jambo ambalo ni haki kulitaja.

Katika Agano Jipya dhana hii inafikia kilele chake kwa Kristo mwenyewe, ambaye Paulo anasema katika Wagalatia 4:4 kwamba alitumwa ulipowadia utimilifu wa wakati. Majuma manne ya Majilio, ambayo hapa kwetu huangukia msimu uleule wa Wachaga kurudi nyumbani kwa ajili ya Krismasi, yamewekwa kwa ajili ya fundisho hilo: kanisa husoma unabii wa Isaya kama neno lililotimia Bethlehemu, na papo hapo hungoja kurudi kwake Bwana ambako bado. Kuhusu siku ya kurudi huko, Yesu aliwaambia mitume katika Matendo 1:7 kwamba si kazi yao kujua nyakati wala majira. Hata hivyo wamekuwapo waliojaribu. Wafuasi wa mhubiri William Miller huko Marekani walimngoja Kristo tarehe 22 Oktoba 1844, na siku ikapita. Kutoka miongoni mwao lilichipuka Kanisa la Waadventista wa Sabato, ambalo lilifika katika milima ya Upare mwaka 1903, na ambalo hufundisha kwamba Kristo yu karibu kurudi pasipo kutaja tarehe.

Jambo linalohitaji uangalifu zaidi ni kusoma wakati wa Mungu katika matukio yaliyokwisha kupita. Mwaka 1896 wamisionari wawili wa misheni ya Kilutheri ya Leipzig, Ujerumani, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, Meru; jeshi la Wajerumani likaja kuwaadhibu Wameru na Waarusha kwa ukatili mkubwa, na mwaka 1902 misheni ikaanzishwa Nkoaranga. Ni rahisi mno kusema kwamba mwaka 1896 wakati wa Mungu ulikuwa haujafika na mwaka 1902 ukawa umefika. Mkristo anaweza kuamini kwamba Mungu alilileta neno lake Meru bila kuligeuza kila lililofanywa na bunduki za wakoloni kuwa sehemu ya ratiba ya mbinguni.

Uangalifu huohuo unahitajika kwa unabii ambao mtu hupewa binafsi katika ibada na mikesha: kwamba ataolewa, atasafiri au atajenga. Paulo anawaagiza Wathesalonike wasitweze unabii, na papo hapo wajaribu mambo yote; kwa Wakorintho anaagiza manabii wanene na wengine wapambanue. Habakuki 2:3, "ijapokawia, ingojee", hutumiwa mara nyingi kumtuliza aliyetabiriwa na asione kitu, lakini njozi ya Habakuki iliandikwa wazi katika vibao ili kila mtu aweze kuisoma, wala haikubadilishwa maneno kila mwaka ulipopita. Mtumishi aliyetaja mwezi, na mwezi huo ukapita, anaangukia chini ya Kumbukumbu la Torati 18:22, ambapo neno lisilotimia huhesabiwa kuwa nabii amelinena kwa kujikinai, na aliyelisikia huambiwa asimwogope. Muumini ambaye neno la namna hiyo limemfanya auze shamba au aache masomo ana haki ya kulipeleka kwa mchungaji na wazee wa kanisa likapimwe, na kufanya hivyo hakuhesabiwi kuwa ni upungufu wa imani.