Je, wajua kwa nini Marekani ilisubiri hadi 2014 kupata admirali mwanamke wa nyota nne?

Tarehe 1 Julai 2014, Michelle Howard alivishwa nyota ya nne, ngazi ya juu kabisa ya uadmirali siku hizi, na kushika nafasi ya pili kwa ukubwa katika Jeshi la Majini la Marekani. Kwa miaka mingi niliamini, na hata kuwaeleza wengine kwa uhakika mkubwa, kwamba kabla yake wanawake walikuwa wamefungiwa uadmirali. Nilikosea. Alene Duerk, mkuu wa wauguzi wa jeshi hilo, alifikia ngazi ya chini ya uadmirali mwaka 1972, na Grace Hopper, mtaalamu wa kompyuta, alistaafu mwaka 1986 akiwa admirali wa ngazi hiyo hiyo, mwenye umri wa miaka 79. Mlango uliofungwa ulikuwa wa melini.

Sheria ya 1948 iliyowapa wanawake ajira ya kudumu jeshini iliwakataza kupangwa katika meli yoyote isipokuwa za hospitali na za uchukuzi. Mwaka 1978 jaji wa shirikisho aliamua kwamba katazo hilo lilikiuka katiba, likalegezwa. Meli za mapigano zilifunguliwa baada ya 1993.

Sasa fikiria jahazi. Nahodha haokotwi sokoni siku ya kung'oa nanga: huanza kijana akikumba maji ngamani, akajifunza kutweka tanga, akawa serahangi, ndipo siku moja akaachiwa chombo pamoja na roho za watu. Jeshi la majini nalo haliajiri admirali kutoka nje, na wanaokabidhiwa makundi ya meli mara nyingi hutafutwa miongoni mwa waliowahi kuongoza meli moja. Muuguzi na mtaalamu wa kompyuta walipanda ngazi ya nchi kavu, ambayo iliishia njiani. Aliyezuiwa kuingia ngamani mwaka 1965 asingeweza kukabidhiwa usukani mwaka 1985.

Howard aliingia chuo cha maofisa wa majini cha Annapolis mwaka ule ule wa hukumu, 1978. Alipewa meli yake ya kwanza, USS Rushmore, mwaka 1999, yaani miaka 21 baadaye. Aprili 2009, siku chache tu baada ya kukabidhiwa kikosi cha kupambana na maharamia, meli ya Maersk Alabama iliyokuwa safarini kuja Mombasa ilitekwa. Wanaosema kwamba Howard ndiye aliyemwokoa nahodha wa meli hiyo, Richard Phillips, wanafupisha mno, kwani risasi zilifyatuliwa na makomando waliokuwa kwenye meli ya kivita USS Bainbridge, kwa idhini ya Rais ya kutumia nguvu.

Hesabu hii ya miaka, hata hivyo, haithibitishi kwamba chuki dhidi ya wanawake haikuwapo. Inaonyesha tu kwamba hata bila chuki, nyota ya nne isingefika kwa miaka mingi. Jeshi lenyewe halikuwa limejiandaa: katika hafla ya kuvishwa cheo, Howard alisimulia kwamba alipoagiza vibao vya mabegani vya nyota nne vya wanawake aliambiwa havijawahi kuwapo, ikabidi utolewe mkataba maalumu wa kuvitengeneza.