Picha ya ua si jina la mmea: dhana potofu za wanaosaka mimea waliyoiona bustanini

Mteja huingia kitaluni, huninyooshea simu, na kwenye kioo chake pana ua moja lililojaza picha nzima, bila jani, bila shina, bila chochote kinacholizunguka. Kisha husema maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi hata naweza kumalizia sentensi kabla yake: ameuona mmea huo kwenye bustani ya umma, na anautaka huohuo.

Dhana iliyo nyuma ya maneno hayo ni kwamba ua ndilo mmea, na kwamba mtaalamu akiliona atataja jina bila kusita. Ukweli ni kwamba ua likiwa peke yake mara nyingi hutosha kutambua familia, wakati mwingine jenasi, na si mara nyingi spishi. Ama jina la kaltiva, yaani aina iliyoteuliwa na kuendelezwa na wakulima wa bustani, lile linaloandikwa mwishoni kati ya alama moja moja za kunukuu, na ambalo ndilo linaloamua kimo, rangi na umbo la mche utakaopewa, picha ya namna hiyo ni nadra sana kulitoa.

Chukua ua jeupe lenye harufu nzuri na petali tano zilizopinda kama pangaboi, ambalo mteja amekwisha kuliita asumini. Huenda likawa la Trachelospermum jasminoides, mmea unaoparamia kuta na nguzo. Huenda likawa la Tabernaemontana divaricata, ambao ni kichaka kisichoparamia chochote. Na picha ikiwa hafifu, huenda likawa la Jasminum halisi. Miwili ya kwanza ni ya familia ya Apocynaceae, hutoa utomvu mweupe na ina stameni (viungo vya kiume vya ua) 5, ilhali Jasminum ni wa Oleaceae, hauna utomvu huo, na stameni zake ni 2. Ukubwa ungesaidia, kwa kuwa ua la Tabernaemontana hulizidi la Trachelospermum, lakini picha iliyovutwa karibu haina kipimo. Picha moja tu ya mmea mzima, iliyopigwa kutoka hatua kumi nyuma, ingemaliza ubishi baina ya hiyo miwili. Mtu aliyetaka kufunika ukuta akauziwa kichaka atanilaumu mimi, wala hatailaumu picha yake.

Isitoshe, wengi hawajapiga picha ya ua hata kidogo. Sehemu ya bogainvilia yenye rangi kali ni brakti, yaani majani yaliyobadilika, na maua yenyewe ni vile vijineli vidogo vilivyo katikati ambavyo hakuna anayevitazama. Kwenye Mussaenda, kile kinachoonekana kama petali kubwa ni sepali iliyopanuka, yaani mojawapo ya vijani vinavyofunika chipukizi la ua. Kwa hiyo ninaposema nionyeshwe majani, sina ukaidi. Mara nyingine majani ndiyo yaliyompendeza mteja tangu mwanzo.

Ninachohitaji ni mmea mzima, shina linaloonyesha kama majani yanakabiliana au yanapishana, ua kwa mbele na kwa ubavu, sarafu au rula kando yake, na tarehe ya siku hiyo. Na kama ningeruhusiwa kudai kitu kimoja tu, ningedai upande wa chini wa jani, ambako mishipa, vinyweleo na tezi hujitokeza wazi zaidi kuliko juu. Geuza jani! Nimelisema hili hata watu wa kitaluni hunicheka, nami nitaendelea kulisema. Programu za simu zinazotambua mimea nazo hunufaika na picha hizo, ingawa jibu lake ni la kukisia tu, na kaltiva isiyo ya kawaida hulinganishwa na mmea ulio maarufu zaidi unaofanana nayo.

Wapo wanaoamini kuwa kibao cha jina la mmea kilichochomekwa ardhini kimemaliza kazi. Kibao husukumwa, hubaki mahali pake baada ya mmea wake kufa, au huwa cha mmea wa jirani. Majina nayo hubadilika: Sansevieria trifasciata sasa ni Dracaena trifasciata, lakini wauzaji wengi bado hutumia jina la kale, kwa hiyo tafuta kwa yote mawili. Pamoja na hayo, piga picha ya kibao, hasa ile namba ambayo watu huiruka. Hiyo ndiyo namba ya kumbukumbu ya mmea huo, na ukiwaandikia watunza bustani ukiitaja, wanaweza kufungua rekodi yake na kukueleza ulitoka wapi.

Majina ya mitaani sitayapa nafasi kubwa. Malkia wa usiku kwa mmoja ni Cestrum nocturnum, kichaka cha familia ya mnavu, na kwa mwingine ni Epiphyllum oxypetalum, ambao ni kakti.

Dhana kwamba kitalu chochote kinaweza kuagiza chochote haina msingi, kwa kuwa bustani za mimea hupata sehemu ya mimea yake kwa kubadilishana mbegu zenyewe kwa zenyewe, nje ya soko kabisa. Mfano wa kupindukia ni Encephalartos woodii, sikadi (mmea unaofanana na mnazi mfupi, wenye dume na jike mbalimbali): mmea mmoja tu, dume, uligunduliwa mwaka 1895 katika msitu wa Ngoye, Afrika Kusini, na yote iliyopo leo imetokana na machipukizi yake. Jike halijapatikana, basi anayekuuzia mbegu halisi za mmea huo mtandaoni anakuuzia uongo. Ni ndugu wa wale wauzao mbegu za waridi la buluu, ilhali waridi halina kiasili delfinidini, rangi inayoyapa maua ubuluu, na kaltiva ya waridi haizai mfano wake kwa mbegu. Huzalishwa kwa kubebesha au kwa vipande vya shina.

Mwisho ni wale wanaodhani kipande kimoja kilichochunwa kwa siri hakina madhara. Ni wizi, na ukikivusha mpaka bila cheti cha afya ya mimea umevunja sheria nyingine. Ukiwa ni mmea wa jenasi ya Encephalartos, ambayo yote imo katika Kiambatisho cha I cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini), kosa ni zito zaidi. Tena mara nyingine wizi wenyewe hauna faida: rangi ya njano iliyo kingoni mwa jani la Dracaena trifasciata 'Laurentii' haipiti kwenye kipande cha jani, na mwizi, baada ya kusubiri miezi, hupata mche wa kijani kitupu.