GPR au AEGD? Kabla hujatuma maombi ya rezidensi Marekani

Kila Mei, PASS (mfumo wa mtandaoni wa kutuma maombi ya rezidensi) inapofunguliwa, wadogo zangu walio mwaka wa mwisho wa udaktari wa meno hapa Marekani huanza kunitumia ujumbe: "Dada, GPR na AEGD si kitu kimoja tu?" Si kimoja. GPR ni General Practice Residency, AEGD ni Advanced Education in General Dentistry: rezidensi, yaani mafunzo ya vitendo baada ya shahada ya udaktari wa meno. Zote kwa kawaida ni za mwaka mmoja na nyingi hukulipa posho.

GPR makao yake ni hospitali. Usiku utaitwa idara ya dharura kumshona mtoto mdomo uliochanika, au kupasua jipu la jino lililomvimbisha mtu taya. Utapita pia kwa wataalamu wa dawa za usingizi, ujifunze kulinda njia ya hewa. Mgonjwa anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, akija kung'olewa jino, unaitaka INR yake (kipimo cha damu inavyoganda) kabla hujagusa koleo.

AEGD hukaa zaidi kliniki: matibabu ya mizizi, mataji, meno bandia, mgonjwa mmoja unamfuata mwanzo hadi mwisho. Anayetaka kufungua kliniki yake na mkono bado mzito, mimi humwelekeza huko. Anayelenga New York hana ujanja, maana leseni ya kule inadai mwaka wa rezidensi, ila yoyote kati ya hizi mbili inakubalika.

Barua za wadhamini: mwalimu aliyekuona ukihangaika na mgonjwa ana thamani kuliko profesa mwenye jina kubwa asiyekukumbuka sura.

Wengi wanajichanganya kwenye Match, mfumo unaooanisha waombaji na programu. Baada ya usaili unapanga programu kwa mpangilio wako, nazo zinawapanga waombaji. Basi watu huanza hesabu za kijanja: "Wale walinichangamkia, niwaweke wa kwanza." Usifanye hivyo. Mfumo unaanza na orodha yako, na programu hazioni umeziweka nafasi ya ngapi. Ukikosa ya kwanza, unafika ya pili bila kupungukiwa chochote. (Nadharia ya upangaji wa namna hii ndiyo iliyowapa Alvin Roth na Lloyd Shapley Nobel ya uchumi mwaka 2012.) Ila usiandike mahali usipotaka kwenda, kwa sababu matokeo yanakufunga. Na baadhi ya programu haziko kwenye Match kabisa, zinachagua zenyewe, kwa hiyo uliza mapema.

Siku ya usaili, mvute pembeni rezidenti wa sasa, wakufunzi wakiwa mbali. Muulize akikwama saa nane usiku, nani hupokea simu.