Ule mstari mmoja wa kuelezea laibrari yako

Natumia laibrari za ujifunzaji wa mashine (vifurushi vya msimbo ambao wengine wameshauandika) kutwa nzima, na kinachonichosha kuliko hata bagi, yaani makosa ya msimbo, ni yale maelezo mafupi pale juu ya ukurasa wa laibrari kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kushiriki msimbo. Unakuta mtu kaandika "laibrari ya chanzo huria, nyepesi, ya kisasa na yenye nguvu kwa ajili ya AI". Haya, inafanya nini sasa? Inatreni modeli (inaifunza kwa data), inasafisha data, inachora grafu? Huambiwi, na anayesoma ana kurasa kumi wazi kwenye brauza, anafunga tu.

GitHub inakupa herufi 350 na huhitaji kuzimaliza zote. Taja kazi, aina ya data, lugha ya programu, basi. Kwa mfano: "Laibrari ya Python ya kugundua vipimo visivyo vya kawaida kwenye data ya mfululizo wa muda. Inatumia CPU tu, na unaiita kwa fit na predict kama scikit-learn." Hilo "CPU tu" (prosesa ya kawaida ya kompyuta) watu wengi wanalificha wakidhani ni aibu, kumbe ndilo linalomsaidia mtu kuamua, asiye na GPU (chipu inayoharakisha hesabu kubwa) atafurahi na mwenye data kubwa mno atajua mapema aende kwingine. Na ukisema inafanana na scikit-learn, laibrari maarufu ya Python, umeshaokoa aya nzima, maana anayefanya kazi hii anajua tayari fit ni kutreni na predict ni kutabiri.

Ila usiige ufupi wa scikit-learn wenyewe. Wao wanajielezea kama ujifunzaji wa mashine kwa Python na inatosha, mradi ulianza 2007, nani hawajui? Wewe laibrari yako imezaliwa juzi.

"Haraka" nalo, aisee. Haraka kuliko nini, kwenye data ipi? Kama huna kipimo cha kuonyesha, lifute. "Chanzo huria" pia futa, maana ukiweka faili la LICENSE GitHub yenyewe inaonyesha pembeni kama leseni ni MIT, BSD au GPL, na mtu wa kampuni anatafuta jina la leseni, hilo neno la jumla halimsaidii kitu.

Halafu kama bado uko toleo la 0.2 na unajua API (namna msimbo wa wengine unavyoiita laibrari yako) utaivunja mwezi ujao, malizia tu na "bado ni ya majaribio, API itabadilika", watu wataipin hiyo vesheni (watabaki nayo bila kusasisha) na hawatakuja kukupigia kelele kwenye isyu, pale wanaporipoti matatizo.