Nukta kwenye ramani ya kifua kikuu

Ninapofundisha vijana wanaoanza kazi ya ufuatiliaji wa magonjwa, huwa naanza na kitalu kimoja cha nyumba za kupanga huko New York, upande wa Lower East Side, kati ya mitaa ya Cherry, Catherine, Hamilton na Market. Mwanzoni mwa karne ya 20 kilijulikana kama Kitalu cha Mapafu, kwa jinsi kifua kikuu kilivyokuwa kikiua watu pale.

Kilijulikanaje? Mwaka 1894 idara ya afya ya jiji, chini ya msukumo wa Dk. Hermann Biggs, ilizitaka hospitali na taasisi ziripoti wagonjwa wa kifua kikuu. Mwaka 1897 amri hiyo ikawafikia madaktari wote. Wengi walipinga. Walitetea siri ya mgonjwa, na ni kweli kwamba mtu akishajulikana anaumwa kifua angeweza kupoteza kazi, hata chumba. Lakini maabara ya jiji ilikuwa ikipima makohozi bure. Daktari anapeleka kichupa, anarudishiwa jibu, na jina na anwani ya mgonjwa vinabaki rejistani. Kwangu mimi, hapo ndipo ulipokuwa uhai wa mpango mzima: anayetoa taarifa naye apate kitu mkononi.

Kila mgonjwa akawekewa nukta kwenye ramani, nyumba kwa nyumba. Mwaka 1903 mwandishi Ernest Poole alitangaza kwamba kitalu hicho, chenye watu karibu 4,000, kilikuwa kimeripoti wagonjwa 265 ndani ya miaka 9. Wanafunzi hushtushwa na hiyo 265. Nawaambia wagawe kwanza: ni wagonjwa kama 29 kwa mwaka, yaani 7 hivi katika kila watu 1,000. Namba hiyo ndiyo ya kutisha, na ni ya walioripotiwa tu. Aliyejificha hana nukta. Na nukta zikiongezeka, uliza kwanza kama ugonjwa umeongezeka au ni madaktari wameanza kutii amri.

Kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi. Kifua kikuu kinaweza kulala mwilini miaka mingi kabla ya kuamka. Wapangaji wa kule walikuwa wakihama mara kwa mara, kwa hiyo nukta inaonyesha mgonjwa alipopatikana, si lazima alipoambukizwa. Juzi tu nilikuwa na rejista ya kliniki mbele yangu. Kwenye safu ya anwani ya mama mmoja, mtaa wa kwanza umekatwa kwa wino, wa pili umekatwa, wa tatu umebanwa pembeni kwa penseli. Je, nukta yake niiweke wapi?

Sisemi nyumba zile hazikuwa na hatia. Vyumba vya ndani havikuwa na dirisha, na familia nzima ililala humo, hewa ileile ikizunguka kutoka kifua hadi kifua. Sheria ya jimbo la New York ya mwaka 1901 ilidai madirisha, na ilifanya vema.

Hatimaye kitalu kilibomolewa, na mwaka 1934 pakafunguliwa majengo mapya, Knickerbocker Village. Nukta za pale zikafutika. Wapangaji wa zamani wengi hawakuimudu kodi mpya, wakahamia nyumba kuukuu za mitaa ya jirani, na vifua vyao.